Kola ya Philomène

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali juu ya mtaa wa Tshopo, cherehani ya Mama Angèle ilikuwa imekwisha kuanza makelele yake. Kando yake aliketi binti yake Félicité, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, daftari likiwa magotini. Tangu serikali ilipokataza majina ya ubatizo, shuleni aliitwa Feza. Nyumbani mama aliendelea kumwita Félicité, naye aliitika kote kuwili.

Wakati wa likizo kazi ya Feza ilikuwa kufuatilia. Nguo zilikuwa nyingi: huyu aitwe aje kupimwa, yule atafutiwe vifungo, sketi hii ipelekwe, uzi ule ununuliwe sokoni. Feza aliandika yote, na kila kazi ilipokwisha aliikata kwa mstari. Alijivunia daftari hilo, tena si kidogo. Wateja wengi aliwaandika kwa majina mapya, yale ya kwenye kitambulisho, kama mwalimu alivyotaka. Wale ambao hakuyajua majina yao mapya, aliwaandika kwa yale ya zamani.

Jumatano mama aliuliza bila kuinua kichwa, "Félicité, kola ya Philomène iko tayari?"

Feza alipitisha kidole kwenye ukurasa. Philomène alikuwapo, amekatwa kwa mstari mnyoofu.

"Iko tayari, mama."

"Bon," mama akasema, akaendelea kushona.

Jumamosi, saa nne hivi, mtaa wao ulipokwisha kumaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara, Philomène aliingia amejitwika kapu. Alikuwa mwanamke wa Isangi, safari ya meli kushuka mto, na binti yake alikuwa anaolewa huko kesho yake.

"Mama Angèle, unipatie kanzu ya mutoto. Masua inaondoka saa sita."

Mama aliitungua kanzu nyeupe ya arusi ukutani. Shingo yake ilikuwa wazi.

"Félicité, kola iko wapi?"

Feza alifungua daftari, akasoma upya. Yule Philomène aliyekatwa alikuwa mwingine, muuguzi wa zahanati, aliyepelekewa vifungo. Mama wa bibi arusi alikuwa chini zaidi, kwa jina la kitambulisho: "Bolumbu, kola, kwa Mama Adèle." Mstari haukukatwa. Jumatatu Feza alikuwa ameipeleka kola kwa Mama Adèle idariziwe maua, na tangu siku hiyo hakurudi kuichukua.

Majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu alifika mbio. Feza alitamani ardhi immeze.

"Mama, nilisema iko tayari, lakini sikuenda kuangalia."

"Mungu yangu! Mutoto yangu ataolewa shingo wazi?" Philomène alilia.

"Kimbia," mama alisema. "Maneno tutaongea nyuma, ukirudi."

Feza alikimbia. Alimkuta Mama Adèle barabarani na ufagio mkononi, maana upande wao mtaro ulikuwa umejaa takataka na salongo ilikuwa bado. Msimamizi wa salongo alisimama hapo, mikono kiunoni.

"Kola? Niliimaliza tangu Jumatano," Mama Adèle alisema. "Nilikungojea, ukapotea. Sasa siwezi kutoka hapa."

"Citoyenne, hakuna kutoka," msimamizi alikubaliana naye, akimwita mwananchi kwa Kifaransa kama serikali ilivyoagiza.

"Papa, nitafagia mimi kwa nafasi yake," Feza akasema, na kabla hajajibiwa alikwisha kuushika ufagio. Msimamizi alimtazama mtoto yule anavyofagia kwa fujo huku akitokwa jasho, akacheka. "Alors, mama, nenda upesi!"

Mama Adèle aliileta kola, Feza akakimbia nayo nyumbani. Mama aliishona mahali pake, na hakuna sindano iliyowahi kwenda kasi vile. Philomène alipoikumbatia kanzu kifuani alicheka na kulia kwa pamoja. Saa sita ilipofika, honi ya ile masua, meli ya kwenda Isangi, ilisikika kutoka mtoni, naye Philomène alikuwa ndani yake. Feza alikaa chini sakafuni, akapumua kwa furaha.

Ndipo mama alipozima kelele za cherehani.

"Tonton yako Augustin, ule muvuvi wa kule maporomoko ya Wagenia, anatega mitego ngapi?"

"Mingi, mama."

"Na kila siku anarudi kuangalia kila mutego. Akitega, akaenda kulala, samaki atamuletea nani? Félicité, kupeleka kazi haiko kumaliza kazi. Kazi inaisha pale unaiona na macho yako. Na mutu akikuuliza, usijibu na daftari. Jibu na kile umeona."

Jioni hiyo Feza alipiga mistari upya daftarini. Kila mteja alipata majina yake yote mawili, na pembeni nafasi ya siku ya kurudi kuangalia. Mama alichungulia juu ya bega lake.

"Na mimi, utaniandika jina gani?"

"Mama," Feza alijibu. "Hilo serikali haijalibadilisha."

Mama alicheka, akampa uzi aurudishe kabatini, kisha akaenda mwenyewe kuangalia kama umefika.