Jina katika Wosia wa Rennie

Haya yalimpata rafiki yangu Ishbel, katika chumba cha nyaraka huko Edinburgh. Alikuwa akipekua wosia na barua za Rennie, mfanyabiashara wa Kiskoti aliyetajirikia Jamaika, akimsaka mwanamke mtumwa ambaye Rennie alizaa naye, bibi wa kale wa ukoo wa Ishbel. Barua hazikumtaja. Jioni moja, kwenye wosia, akaliona jina la mwanamke huyo mtumwa: Phibba. Akauacha wosia mezani, akamkimbilia mtunza nyaraka mlangoni.

“Mzee Farquhar, nimempata!”

“Njaa hiyo inakuonyesha mambo, binti. Wosia huo naujua, hamna mwanamke humo.”

Taa zikazimika. Kutoka kwenye ile meza isiyo na mtu wakasikia kalamu ya unyoya ikikwaruza karatasi, taratibu, kisha mchanga ukinyunyizwa, kama wazee walivyokausha wino.

Taa zilipowaka, wakarudi mezani: jina lilikuwa limekatwa kwa mstari mnene. Ishbel akaligusa. Kidole kikatoka na wino mbichi.