Waliikataa Ilipokuwa na Popo

"Unatafuta nani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Aliyeniuliza ni wifi yangu Sylivia, mke wa kaka yangu. Alikuwa amesimama juu ya kiti, sebuleni, anatundika mapazia ya waridi yenye maua. Mapazia yake. Dirisha langu!

Nyuma yangu kulikuwa na Fuso imejaa magodoro, masufuria, kuku sita kwenye tenga na watoto wangu watatu. Mama yangu mzazi, Bulandina, alikuwa amekaa mbele na dereva, Biblia mapajani.

Tulikuwa tumekuja kuhamia, jamani.

"Sylivia, hapa ni kwangu," nikamwambia.

Hata hakushuka. Alivuta pazia likanyooka, akaliangalia, akaridhika nalo, ndipo akanijibu.

"Kwako ni kwa Okello, kule kambini. Hapa ni kwa Benon."

Benon ni kaka yangu wa tumbo moja. Tumenyonya ziwa moja. Na funguo za hiyo nyumba nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu.

Banange!

Ngoja kwanza niwaeleze hii nyumba ilikotoka, halafu mtaniambia kama nilikosea.

Naitwa Evas. Mume wangu Okello ni polisi, mtu wa Lira, kazi ilimleta Kasese na mimi nikamleta kwenye ukoo. Tulikuwa tunaishi kambini kwenye unipoti. Kama hujawahi kuiona, ni kibanda cha mabati, duara, hakina chumba wala dari. Na joto la Kasese mnalijua. Saa saba mchana unaweza kuanika mihogo humo ndani ikakauka.

Baba yetu, mzee Kosmasi, alifariki mwaka 2012, huko kwetu Nyakiyumbu. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kugawa. Benon ndiye mtoto wa kiume peke yake, kwa hiyo alipewa mkuki wa baba. Kwetu ukipewa mkuki, wewe ndiye mrithi, umevaa viatu vya mzee. Alipewa pia shamba la kahawa. Akapewa na nyumba.

Nyumba akaikataa.

Akaikataa mbele ya watu wote! Mabati yalikuwa yameoza, kuta za udongo zimepasuka, na kwenye dari kulikuwa na popo ambao hata hawahesabiki. Harufu yake ilikuwa inakupokea barabarani kabla hujafika. Mkubwa wa ukoo, mzee Semu, alimuuliza mara mbili kama kweli haitaki. Benon akacheka.

"Nani atalala na popo? Mpeni Evas."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasema naichukua.

Benon aliuza shamba la kahawa hata mwaka haujaisha, akaenda kufanya biashara mpakani Mpondwe. Mama akabaki hana pa kulala pa maana, tukamleta kwenye unipoti. Sasa tukawa sita humo. Usiku tunageuka kwa zamu. Na kila asubuhi mama ananiuliza swali moja tu, kama atafia ndani ya bati la serikali.

Hilo swali ndilo lililojenga ile nyumba. Siyo mimi.

Miaka sita nilikaanga kabalagala pale getini kwa kambi. Ndizi, unga wa muhogo, mafuta ya moto, jua la moto. Nikipata kidogo natuma mfuko wa saruji. Nikipata tena, mbao.

Fundi wangu aliitwa Tefiro, mtu wa Bwesumbu, mkali lakini mwaminifu. Alianza na popo. Aliwafukiza kwa moshi wiki nzima, akang'oa dari, akatoa magunia na magunia ya mavi ya popo, nikayamwaga kwenye migomba, na ile migomba hamtaamini ilivyozaa. Akavunja ukuta katikati ya vyumba viwili vya giza, ikawa sebule moja kubwa. Akapiga plasta, akaezeka mabati ya bluu. Chumba cha mama nilitaka kiwe upande wa jua la asubuhi, choo kiwe karibu, kizingiti kisiwepo maana anaburuta mguu. Tefiro akafanya vyote.

Siku moja akanipigia simu. Madirisha yameisha, ila fimbo ya pazia ya lile dirisha kubwa sikununua. Yeye ana mti mmoja alioupata juu ya dari ya zamani, mrefu, mgumu, umenyooka, una kichuma mwishoni kitakachoshika vizuri ukutani. Aupige rangi autumie?

Mafuta yalikuwa yanachemka na wateja wamepanga mstari. Nikamwambia weka. Sikuuliza hata ni mti gani.

Kikabaki kitu kimoja. Plasta mbichi lazima imwagiliwe maji kila siku, la sivyo inapasuka. Tefiro alikuwa ameitwa kazi nyingine, mimi siwezi kuacha biashara, Okello yuko zamu. Benon akajitolea mwenyewe. Alisema, dada, wewe leta funguo, mimi nitamwagilia.

Kumwagilia alimwagilia kweli. Wiki nzima. Alipohakikisha imekauka vizuri, akahamia!

Basi, turudi pale mlangoni.

Benon alitokea uani, mswaki mdomoni, tumbo wazi, kama mtu aliyezaliwa na hiyo nyumba. Kukaa kwake mpakani kumemfanya aongee kama watu wa Congo.

"Evas, usilete maneno. Mimi ndiye iko na mukuki ya baba. Mwanamuke hana mji kwa baba yake."

Nikamkumbusha yale ya popo. Akasema yale yalikuwa mzaha wa matanga, mrithi ni mrithi, na ukoo hauwezi kuacha mji uende kwa watoto wa mtu wa Lira. Kisha akamwambia dereva ageuze gari.

Dereva akaniangalia.

Wasomaji wangu, hapo ndipo mtu anajijua. Nilimwangalia mama ndani ya gari. Alikuwa amefunga Biblia, anasubiri niseme.

"Shusha," nikamwambia dereva.

"Nishushe wapi, mama?"

"Hapa uani. Vyote."

Tukashusha. Vitanda nikavipanga kwenye nyasi, nikatandika mashuka kabisa, na mito juu. Mama nikamweka kwenye kiti chake cha mkono, katikati ya ua, anaangalia mlango. Kuku nikawafungulia. Nikatafuta mawe matatu, nikawasha moto, nikaanza kusonga bundu, ugali wetu wa muhogo. Kama wameichukua nyumba, basi wataniangalia nikiishi mbele yake.

Sylivia akachungulia dirishani. Nikampungia mwiko.

Okello akapiga simu. Aliposikia, sauti yake ilibadilika, akaniuliza kama aje na wenzake. Nilimkataza. Nilimwambia akija na sare watasema nimeiteka nyumba kwa bunduki, na mimi sikuiba kitu. Hili ni la ukoo, nitalimaliza na ukoo. Nikamtuma mwanangu mkubwa Bright akamwite mzee Semu.

Majirani walijaa. Wengine walikuja kunihurumia, wengine walikuja kuangalia tu. Wote niliwapa bundu.

Saa nane mzee Semu akafika na wazee wengine watatu. Hawajakaa vizuri, mvua ya mlimani ikaanguka. Nikakimbilia kufunika magodoro. Sylivia yeye akafungua mlango wote, anatabasamu, anawakaribisha wazee ndani kama mwenye mji. Akawapa chai. Mimi na mama tukaingia kwenye nyumba yetu tukiwa tumelowa, kama wageni.

Wazee walikaa chini ya lile dirisha kubwa, mapazia ya waridi mgongoni.

Benon aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akaleta mkuki, akaulaza mbele ya wazee, akapiga magoti. Mzee mmoja akaanza kutikisa kichwa kukubali. Akasema binti ameolewa mbali, watoto wake ni wa kule kwa baba yao, na mkuki ndio mkuki. Wa pili akaunga mkono.

Nikaona mama ameshika Biblia kwa nguvu mpaka vidole vimebadilika rangi. Unipoti ilikuwa inamwita tena.

Mzee Semu akanigeukia. "Evas, una neno?"

"Ninalo, baba. Mlipoigawa ilikuwa na popo, na mimi ndiye niliyekubali popo. Hakuna aliyeniambia ni mzaha. Leo ina plasta ndiyo mmekumbuka mimi ni mwanamke. Mkinitoa nitalala pale uani. Kesho pia. Wazee wangu, sirudi Kasese."

Mvua inapiga bati la bluu.

Mzee Semu alikuna kidevu, akamuuliza Benon swali dogo tu, la kawaida.

"Huu mkuki ulikaa wapi miaka yote hii?"

"Kwangu, baba. Chini ya kitanda yangu. Haujatoka hata siku moja."

Hapo mama yangu akasimama.

Mama huwa haongei kwenye vikao. Aliburuta mguu mpaka katikati, akainama, akaugusa ule mkuki, akanusa vidole vyake.

"Huu ni wa sokoni," akasema. "Wa Kosmasi aliufunga waya wa shaba mwenyewe, mara tatu, hapa mkono unaposhika. Benon, siku ya matanga ulikuwa umelewa. Uliuchomeka darini, ukasema utarudi kuuchukua. Hukurudi."



Mama akainua macho. Akaangalia wazee, akaangalia mapazia, akaangalia juu ya mapazia. Akabaki hapo.

Mimi nikaangalia anapoangalia yeye... na nikaisikia tena simu ya Tefiro. Mti mrefu, mgumu, umenyooka. Ulikuwa juu ya dari. Una kichuma mwishoni.

Jamani!

"Evas," mama akasema, "shusha hayo mapazia."

Nilipanda kwenye kile kile kiti cha Sylivia. Nikavuta mapazia ya waridi, yakaanguka kwenye chai ya wazee. Chini ya rangi ya fedha nikapapasa, nikakuta waya umezungushwa. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Upande mmoja ulikuwa umezama ukutani, Tefiro alikuwa ameusiliba na plasta. Plasta yangu ya miaka sita ya kabalagala. Nikaikamata ile fimbo kwa mikono miwili nikavuta. Ukuta ukapasuka, vumbi na vipande vikamwagika kichwani kwangu, nikavuta tena.

Ukatoka. Kichwa cha mkuki, kizima, cheusi.

Mzee Semu aliupokea, akakwangua rangi kwa ukucha, akafika kwenye shaba. Nikaona macho yake yamejaa maji. Alikuwa rafiki wa baba tangu utoto.

"Benon," akauliza polepole, "mke wako alitundika nini hapa leo asubuhi?"

"Nilizani muchwa walikula," Benon akasema, kichwa chini.

"Mrithi gani anakaa chini ya mkuki wa baba yake, anamwagilia ukuta wiki nzima, na haujui?"

Yule mzee aliyekuwa anatikisa kichwa akaanza kuutafuta mkongojo wake.

Mzee Semu alisema maneno machache. Nyumba iliulizwa mara mbili siku ya matanga, ikajibiwa mara mbili, na yeye alikuwa na masikio. Ni ya aliyekubali popo. Mtu asimrudishe tena kwenye hicho kikao.

Dereva wa Fuso alikuwa bado yupo, mvua ilimzuia na bundu ilimnogea. Akachungulia mlangoni akauliza, kwa heshima kabisa, kama kuna mzigo wa kurudi nao.

Ulikuwepo. Benon na Sylivia walirudi Mpondwe juu ya gari lililonileta mimi. Mapazia niliwakunjia vizuri, nikawapa.

Lakini bado.

Wazee walitaka kujua mkuki aushike nani sasa. Kwetu mwanamke haushiki. Mmoja akasema apewe Bright, akikua. Mwingine akasema hata Okello afadhali. Wakabishana pale, na mimi nimesimama mbele yao na vumbi la ukuta kwenye nywele, kama sipo.

Niliuchukua mkononi mwa mzee Semu, nikapanda kiti, nikaurudisha pale pale juu ya dirisha. Nikaenda uani nikaleta mapazia yangu ya kijani, nikayatundika.

"Unafanya nini, binti?" mzee akauliza.

"Mkuki umepata kazi, baba. Kwa Benon haukuwa nayo."

Mzee Semu alicheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyeushusha. Mpaka leo ninapoandika, mkuki wa Kosmasi unashika pazia, na mama analala upande wa jua la asubuhi, halizungumzii tena lile bati la serikali.

Tefiro alikuja kuziba lile tundu la ukutani. Nilimkatalia. Nataka kila mgeni aniulize, nimwambie.

Sasa wewe dada unayenisoma, wewe unayetuma saruji nyumbani mfuko mmoja mmoja na watu wanakwambia utaolewa tu, hiyo siyo yako. Jenga. Wakikuambia utoke, shusha vitanda. Na plasta yako mwagilia mwenyewe, hata kama ni lazima ufunge biashara wiki nzima. Funguo usimpe mtu aliyeikataa nyumba yako ilipokuwa na popo.