Nafasi ya Mshono

"Ndege za asubuhi zimetua, abiria wameisha, kwenye simu hapatikani! Unasubiri nini hapo?"

Shangazi aliongea kwa nguvu kwenye simu mpaka mama aliyekuwa akipiga deki akageuka.

"Shangazi, nipe muda kidogo."

"Mwaka jana alisema anakuja, hakuja. Mwezi wa nne, hakuja. Asipotokea leo, pete inarudi kwao, na mimi simo!"

Simu ikakatwa. Fundi akabaki ameegemea chuma cha sehemu ya kupokelea wageni pale uwanja wa ndege, mkononi kashika shati alilomshonea mchumba wake kwa siku tatu.

Mchumba huyo, mchomeleaji vyuma ng'ambo, alimwandikia jana: "Napaa saa tano usiku, kwa saa za nyumbani. Kesho sikosi."

Basi Fundi akachukua futi yake ya kupimia nguo, akainyoosha kwenye ramani ya ukutani, kiwanja hadi kiwanja. Kilomita elfu nane na ushee. Akauliza simu, ikamwambia ni masaa kumi. Saa tatu asubuhi mtu wake yupo!

Sasa ilikuwa saa saba mchana. Hasira zikampanda, akaandika: "Usije tena. Pete yako nampa shangazi." Akatuma.

Macho yamemvimba, akalisogelea dawati la maulizo.

"Dada yangu, safari ya masaa kumi inaweza kufika kumi na nne?"

"Anatokea wapi?"

Fundi akamwonyesha ule ujumbe wa jana. Dada akabonyeza kompyuta yake.

"Ya moja kwa moja kutoka huko ni ya kesho. Ya leo inatua njiani, wanakaa chini masaa saba, ndiyo wanaunganisha. Inaingia saa kumi jioni. Wewe ulipimaje?"

"Kwa futi. Niliinyoosha tu."

"Makubwa! Fundi mzima, gauni nalo unalikata hivyo, bila kuacha nafasi ya mshono?"

Fundi akacheka huku analia. "Mungu akupe maisha marefu, dada. Umeniokoa."

Ghafla akaukumbuka ujumbe wake. Akaitoa simu mbio aufute. Imezima! Makelele ya shangazi yalikuwa yamemaliza chaji yote.

Masaa matatu hayo, jamani, aliyaona kama mwaka. Saa kumi na nusu Mchomeleaji akatokea, amenenepa, simu mkononi, hacheki.

"Ujumbe wako nimeusoma kwenye foleni ya pasipoti."

"Nisamehe. Nilidhani umenidanganya tena."

"Ningengoja kesho, ningekuja moja kwa moja. Lakini nilikuahidi leo, ndiyo maana nikazunguka. Huko njiani laini iligoma."

Fundi akajifunika uso kwa lile shati. Mchomeleaji akamshika.

"Mara mbili nilikuangusha, haki yako kukasirika. Asante kwa kubaki hapa."

"Asante wewe kwa kuzunguka."

Akamvalisha shati juu ya fulana. Pamoja na unene wote ule, likamkaa vizuri, maana mbavuni Fundi alikuwa ameacha nafasi ya kutosha.

Dada wa maulizo akapiga makofi. Fundi akaomba simu ya mchumba wake, akapiga nyumbani.

"Shangazi, ni mimi."

"Haya, pete iko wapi?"

"Iko kidoleni, shangazi. Waite wazee, watutajie siku ya ndoa."