Baba Yuko Ghalani

Jioni ile Scolastika alikuwa akisonga ugali. Binti yake Limi, wa darasa la sita, alikuwa amembeba mdogo wake, Luka. Luka alikuwa hajatimiza miaka miwili. Baba yao, Masele, alikuwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Alipoondoka, Luka alikuwa bado hajui kukaa.

Mara mbwa wakabweka. Masele aliingia uani na begi mgongoni.

"Hodi wenyewe! Yuko wapi dume langu nimbebe?"

Alinyoosha mikono. Limi alisogea, kisha akasimama ghafla. Aliona malengelenge kwenye viganja vya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unanisalimia kwa mbali kama mkopeshaji? Lete mtoto."

"Nisamehe, baba. Mwalimu amesema tusimguse mtu mwenye vipele kama hivyo."

Masele alicheka, lakini uso haukucheka. "Hivi? Ni joto la shimoni tu. Mama Limi, umewafundisha wanangu kunikataa?"

"Una homa, baba Limi?" Scolastika aliuliza taratibu.

"Kidogo. Na shingo imevimba. Basi nizikeni kabisa!"

Akaenda kukaa peke yake kando ya ghala la pamba. Chakula akakisusa.

Asubuhi Limi alimweleza Mwalimu Eunice, mwalimu wa afya shuleni kwake. Habari za ugonjwa wa mpox zilipofika wilayani, halmashauri haikufunga shule. Iliandaa mwalimu mmoja katika kila shule. Watoto waliambiwa waseme mapema wakiona dalili, na wasimcheke mgonjwa. Mwalimu Eunice alimpigia simu mhudumu wa kituo cha afya, kisha wakaja wote wawili.

"Na wewe unaniogopa, mwalimu?" Masele aliuliza.

"Sikuogopi wewe, baba Limi. Naogopa ugonjwa. Unaambukiza kwa kugusana ngozi, na kwa shuka na nguo za mgonjwa. Watoto wadogo unaweza kuwaumiza zaidi. Binti yako hakukudharau. Alimkinga mdogo wake."

Masele alitazama chini. "Huko shimoni nilimwaza mtoto huyu tu. Sasa nimwone kwa mbali mpaka lini?"

"Mpaka vipele vikauke, magamba yake yote yadondoke na ngozi mpya iote. Huenda wiki mbili, huenda nne."

Mhudumu alichukua vipimo, na mpox ikathibitika. Kwa kuwa Masele hakuzidiwa, aliruhusiwa kuuguzwa nyumbani. Akahamia ghalani, maana ghala lilikuwa tupu. Alipewa sahani yake, kikombe chake na shuka zake. Scolastika alivaa glovu na barakoa alipomhudumia, kisha akanawa kwa sabuni. Limi aliendelea na masomo. Kila asubuhi Mwalimu Eunice alimpima joto.

Majirani waliacha kupita uani. Masele alizungumza na wanawe kupitia dirisha dogo la juu, na Luka alisikia sauti tu. Usiku ulipoingia, alisikia vijiko vikigonga sahani upande wa pili wa ukuta. Alisikia Luka akijifunza maneno: maji, ng'ombe, dada. Alikuwa amerudi nyumbani, lakini aliona yuko mbali nao kuliko alipokuwa Geita.

Hatimaye magamba yakadondoka yote. Mhudumu alimkagua, akatabasamu. "Umepona, mzee. Na hakuna mwingine aliyeugua hapa."

Walifua shuka zote kwa sabuni na maji ya moto, wakasafisha ghala kwa dawa. Masele akaoga, akavaa shati safi, akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Luka," Scolastika alisema, "baba huyu hapa."

Luka alimkagua mgeni kutoka miguuni hadi kichwani. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye ghala.

"Baba kule."

Limi alicheka mpaka akajishika mbavu. Masele hakucheka. Alimnyanyua mwanawe polepole, akamweka kifuani, akahisi moyo mdogo ukidunda juu ya wake.

"Haya, dume langu," alisema. "Twende tukamtafute."