Nilimwona Ukutani

Wewe unayesoma hapa, usijifanye hukijui kichochoro hiki. Umekipita. Uliziba pua kwa kiganja, ukatazama juu kwenye nyaya za umeme kana kwamba kuna jambo la maana huko, ukaharakisha hadi ukatokea upande wa pili penye maduka ya vitenge. Rundo la taka uliliona. Ukajiambia si lako. Kila aliyepita alijiambia hivyo hivyo, na rundo likaendelea kunenepa.

Wapo bado Kariakoo watu wanaokumbuka vichochoro hivi vilipofagiliwa kwa zamu, nyumba kwa nyumba, kila Jumamosi. Mwenye zamu akichelewa kuamka, alipigiwa debe dirishani mpaka atoke na fagio. Hakuna aliyepiga marufuku zamu zile. Ziliachwa tu. Mtu mmoja aliangalia pembeni, kisha jirani yake, kisha mtaa mzima.

Basi kwenye kichochoro kimojawapo, nyuma ya Mtaa wa Narung'ombe, palikuwa na nyumba kuukuu yenye ua mdogo. Humo aliishi Swaumu, msichana wa darasa la sita, pamoja na mama yake, mjomba wake Seifu, na bibi yake aliyeitwa Bi Chiku. Chumba cha mwisho alikipanga Goodluck, fundi wa simu ambaye hakuwa na neno lisilo na utani.

Kila siku Swaumu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza aliipenda. Asubuhi kabla ya shule alifungua banda la mbao lililoegemea ukuta wa bafu, kuku wakatoka wakijikung'uta, akawamwagia pumba na kujaza maji kwenye karai la bata. Mwaka huo Bi Chiku alikuwa amefanya ujanja wake. Bata wake alikuwa mzururaji asiyetulia juu ya mayai, kwa hiyo mayai yale aliyaweka chini ya kuku mwekundu aliyekuwa akiatamia. Vifaranga vya bata vilipotoka, kuku yule alivipenda kama vyake. Ila kila vilipoingia kwenye karai kuogelea, alizunguka ukingoni akilia kama mtu anayeona watoto wake wakizama.

"Mwone huyo," Goodluck alisema huku mswaki ukiwa mdomoni. "Mzazi wa kwanza Kariakoo kulalamika kwamba watoto wake wanaoga."

"Cheka tu," Bi Chiku alimjibu. "Nitakapoviuza, hivyo ni viatu vya shule vya mjukuu wangu vinavyoogelea hapo."

Kazi ya pili Swaumu aliichukia. Mama yake alikaanga samaki barazani. Mjomba Seifu aliwaleta kutoka soko la Feri, mama akawapaa magamba na kuwatumbua, na jioni Swaumu alitakiwa kubeba ndoo ya matumbo hadi kwenye kontena la taka, mbali, ng'ambo ya soko. Ndoo ilinuka. Maji yake yalimrukia miguuni. Vijana wa mikokoteni walimtania: "Dada, marashi hayo yanauzwa duka gani?"

Jioni moja wenzake walikuwa wakicheza rede mbele ya nyumba na mchezaji mmoja alipungua. Swaumu alitoka kwa mlango wa nyuma, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaimwaga ndoo kwenye rundo la kichochoroni. Moyo ulimdunda. Kesho yake akamwaga tena, na moyo ulidunda kidogo tu. Baada ya hapo haukudunda kabisa. Wapangaji wa nyumba za jirani walimwona, na hakuna aliyemwuliza. Wengine wao walikuwa na ndoo zao.

Siku moja alipokuwa akikung'uta ndoo, alimwona panya buku. Alikuwa mnene, mgongo umechongoka, anaburuta utumbo wa samaki bila haraka yoyote. Akaingia nao kwenye tundu chini ya ukuta wa bafu, ukuta uleule ulioegemewa na banda. Kabla ya kuingia alisimama, akamtazama Swaumu. Swaumu ndiye aliyeondoka kwanza.

Asubuhi iliyofuata Swaumu alipofungua banda, kuku mwekundu aliruka juu ya paa akipiga kelele. Ndani, vifaranga viwili vya bata havikuwapo, na cha tatu kilikuwa kikichechemea, mguu mmoja umetafunwa. Bi Chiku alikipakata kwenye kanga yake. Akaukagua mlango wa banda kwa mkono mwingine.

"Mlango ulikuwa umefungwa," alisema mwishowe. "Huyu ni mnyama anayepita penye nafasi ndogo."

"Paka," alisema Mjomba Seifu. "Si yule mweupe?"

Wote waliinua macho juu ya ukuta. Paka mweupe aliitwa Malai. Alikuwa wa Bibi Rekha, mjane aliyeishi ghorofa ya kwanza ya jengo la jirani pamoja na mjukuu wake Hinal. Wakubwa walimwita Mama Nirav, kwa jina la mwanawe. Hinal alisoma darasa moja na Swaumu, wakakaa dawati moja. Kila jioni Malai alikaa juu ya ukuta, mkia ukining'inia upande wa ua.

"Nyumba ile hawapiki nyama, hata yai," Mjomba Seifu aliendelea. "Paka anashindia maziwa na wali wa dengu. Wewe ungekuwa paka ungefanyaje?"

"Ningehama chumba," alisema Goodluck.

Walicheka. Ni utani uliozungushwa mtaani miaka mingi, paka wa Kihindi mwenye njaa ya nyama, na siku hiyo uligeuka ushahidi. Hakuna aliyewahi kumwona Malai na hata unyoya mdomoni.

Bi Chiku hakucheka. "Swaumu, wewe ndiye unayekuwa huku nyuma jioni. Uliona nini jana?"

Swaumu alilikumbuka tundu la ukutani. Alijua kwamba akimtaja panya, ataulizwa alimwonea wapi, na panya alikuwa akila nini.  Halafu akapata maneno ambayo hayakuwa uongo.

"Nilimwona ukutani," alisema.

"Nani, paka?"

"Nilimwona ukutani," alirudia, akainama kuokota karai.

Alimwona kweli, kama alivyomwona kila jioni. Hayo mengine wakubwa waliyajaza wenyewe.

Mchana, Bibi Rekha alipokuwa hekaluni, Mjomba Seifu alimrushia Malai kichwa cha samaki, akamdaka, akamtia ndani ya kiroba. Mtaani paka msumbufu hauawi. Anavushwa bahari kwa panton hadi Kigamboni, anafunguliwa huko, kwa kuwa hawezi kurudi kwa kuogelea. Watu walimwona Seifu akipita na kiroba kinachorukaruka begani. Muuza maji alisogea kumpisha. Goodluck aliinamia simu aliyokuwa akiitengeneza.

Jioni Hinal alikuja mlangoni, macho mekundu.

"Swaumu, umemwona Malai? Bibi ameweka maziwa, hajaja."

"Sijamwona."

"Tangu asubuhi?"

"Nimekwambia sijamwona, Hinal."

Huo sasa ulikuwa uongo mzima, usio na mahali pa kujificha. Hinal alishukuru, akaendelea na nyumba ya pili. Swaumu alisikia sauti yake ikipungua kichochoroni, "Malai, Malai," na mashavu yakamchoma kama aliyepigwa kofi. Usiku ule alikula huku amegeukia ukuta.

Kwa siku chache ndani ya ua palitulia, wakubwa wakaridhika. Kisha ikawa kama mtu ameondoa mlinzi getini. Panya walitoka mchana. Walipita juu ya pumba, wakanywa maji ya karai. Vifaranga vya bata viliendelea kupungua, na asubuhi moja kuku mwekundu mwenyewe alikutwa amelala ubavu, mbawa amezitandaza, na chini ya mbawa zile vifaranga vitatu vilivyosalia vikiwa hai. Alikuwa ameumwa kote, na hakusogea kutoka juu yao mpaka pumzi ikamwisha.

Bi Chiku alichimba shimo mwenyewe. Akamfunika kwa kipande cha kanga. Hakuna aliyemwambia kuwa kuku hazikwi.

Alikuwa bado ananawa mikono waliposikia hodi. Bibi Rekha aliingia polepole, Hinal akiwa nyuma yake amekumbatia bunda zito la wavu wa waya.

"Shikamoo, Bibi," Swaumu alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu ukae, Mama Nirav," alisema Bi Chiku.

"Sikai, Bi Chiku. Nimesikia unamaliziwa vifaranga. Wavu huu ulibaki dukani kwa marehemu mume wangu, matundu yake ni madogo. Utandikeni chini ya banda." Akautazama ukuta. "Nimefikiri sana. Mnyama anayekula vifaranga vyako, labda ndiye aliyemla Malai wangu. Kwangu amekwisha maliza. Kwako bado kuna waliobaki, wasiende nao."

 Mama yake Swaumu aliligeuza sufuria lililokuwa safi, akaanza kulisugua upya. Goodluck hakupata utani. Mjomba Seifu aliinama kama anayefunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Swaumu aliwatazama wote, mmoja mmoja. Alikuwa akingoja mtu mzima aseme. Alipogundua kwamba hatasema hata mmoja, alielewa kuwa angeweza kunyamaza na yeye, na wavu ungepokelewa, na Hinal angeaga akishukuru tena.

"Bibi, Malai hakuliwa," alisema.

"Swaumu," mama yake aliita kwa sauti ya chini.

"Hakuliwa. Alivushwa Kigamboni. Kwa sababu yangu." Alinyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma. "Vifaranga vinaliwa na panya. Nilimwona panya kabla ya siku ile. Mimi ndiye niliyemlisha. Matumbo ya samaki namwaga hapo nyuma, sipeleki kontenani. Nilipoulizwa nikasema nilimwona Malai ukutani. Nilijua watakavyoelewa."

Hinal aliweka bunda la waya chini. "Nilikuuliza," alisema. "Ukanitazama usoni."

 Swaumu angefurahi kama Hinal angempiga. Hinal alimtazama tu, na haya ikampanda hadi kwenye ncha za masikio.

Bibi Rekha alikaa sasa, juu ya kinu, bila kukaribishwa. "Sisi hatuli nyama," alisema taratibu. "Yeye hatukumkataza. Kila asubuhi aliniachia panya mlangoni, nami nikamkemea kwa kunichafulia. Mlifikiri alikuwa akikaa pale juu kuvitazama vifaranga?"

"Mama Nirav, kiroba nilikibeba mimi," alisema Seifu.

"Na mimi nilikiona kikitoka, nikanyamaza," alisema Bi Chiku. "Nisamehe. Sijui hata kama ninastahili kukuomba."

"Kesho mtanipeleka mlipomwacha," Bibi Rekha alijibu. Hakusema amesamehe.

Walivuka wote: Bibi Rekha, Hinal, Seifu na Swaumu aliyebeba bakuli la maziwa. Seifu aliwaonyesha mahali. Waliita nyuma ya vibanda vya chipsi, wakauliza kwa wauza samaki, wakazunguka mpaka koo likakauka. Paka wengi walikuja kwenye maziwa. Malai hakuwa mmoja wao. Kwenye panton ya kurudi Hinal alikaa upande wa pili wa bibi yake, na Swaumu akakaa peke yake na bakuli tupu mapajani. Jumamosi zilizofuata walienda tena. Mpaka sasa hawajampata.

Ua ulipona. Seifu na Goodluck waliinua banda juu ya matofali, wakatandika wavu wa Bibi Rekha chini na pembeni. Tundu la ukutani walilijaza saruji iliyochanganywa na chupa zilizopondwa, ili jino la panya lishindwe. Ndoo ya matumbo ikapata mfuniko, na Swaumu aliibeba kila jioni hadi kontenani, marashi na yote. Vile vifaranga vitatu vilikua bata wazito, wakawa wanaoga kwenye karai bila mama wa kuwalilia.

Jumamosi moja asubuhi Bi Chiku alitoa debe kuukuu chini ya kitanda chake, akaenda nalo kichochoroni, akaanza kupiga dirisha moja baada ya jingine. Wengine walitoka wakinung'unika, wengine wakicheka. Walitoka. Goodluck alitoka na koleo, akiwa amefunga pua kwa soksi.

Walipopumzika, rundo limekwisha pakiwa mkokotenini, Bi Chiku alimwita Swaumu pembeni.

"Unajua ulikosa wapi?"

"Nilisema uongo, Bibi. Na nilikuwa mvivu."

"Ndiyo. Neno la kweli ukilisema ili nidanganyike, ni uongo, hata kama kila herufi yake ni sahihi. Hilo lishike. Lakini shika na hili." Alifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Harufu ya huku nyuma nilikuwa naisikia. Nikafunga dirisha. Paka nilijua si mwizi, nikaacha aonewe kwa sababu mwenyewe si wa kwetu. Wewe ulisema maneno mawili tu. Sisi wakubwa ndio tuliokibeba kiroba. Uliposimama siku ile ukasema, ulinitia haya kuliko nilivyowahi kutiwa haya na mtu, na ninakushukuru."

Swaumu alitazama juu. Ukuta ulikuwa mtupu. Dirishani kwa Bibi Rekha palikuwa na bakuli la maziwa, kama kila asubuhi. Hinal alikuwa amesimama na fagio mwisho wa kichochoro. Hakutabasamu, lakini alisogea kidogo kuacha nafasi ya mtu wa pili kufagia, na Swaumu akaenda.

Sasa wewe. Kitabu kifunge. Nenda nyuma ya nyumba yenu, leo, kabla jua halijazama, na safari hii usitazame nyaya. Tazama chini. Liangalie tundu, uliangalie rundo, ujiulize ni ndoo ya nani. Kama ni yako, ibebe. Kama si yako, gonga mlango wa mwenyewe. Na kama kuna mtu anabebeshwa kosa usilolisema, usingoje mkubwa aanze. Sema wewe.