Chumba Kisicho Chetu

Kila siku saa kumi jioni binti wa fundi wa kebo alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akawasha televisheni. Mama yake, ambaye ndiye fundi mwenyewe, alirudi saa kumi na mbili, spana zikining'inia kiunoni.

Jumatatu moja picha ilikuwa inakatikakatika. Binti akakumbuka maneno ya rafiki yake wa darasani: "Kwenu si kuna kile kichuma kwenye kebo? Ndicho kinachoziba. Kitoe!" Alikikuta pale kebo ilipoingia kutoka nje, kifupi kama kidole gumba. Akakifungua, akaunganisha kebo bila hicho, akakificha ndani ya soksi.

Picha iliendelea kukatika. Lakini kwenye orodha ya vifaa vya nyumbani vilivyounganishwa na televisheni kilitokea kifaa kipya, hakina jina. Akakibonyeza.

Kikatokea chumba. Dirisha lilikuwa lile lile la sebuleni kwao, na nondo zile zile nne. Ila kochi halikuwapo. Palikuwa na kiti kimoja, na mzee ameketi, amempa mgongo. Hakusogea. Hakukuwa na sauti yoyote. Polepole, binti aligeuka kutazama nyuma yake. Kochi lao lilikuwapo.

Jumanne alifungua tena. Safari hii mzee aligeuza shingo, taratibu sana, akamtazama usoni. Binti akazima televisheni na kukunja miguu juu ya kochi, asithubutu kuishusha chini.

"Vipi, umeona mzimu?" mama aliuliza alipoingia.

"Hamna, Mama."

"Mtandao unasuasua. Umegusa kebo?"

"Sijagusa."

Jumatano kiti kilikuwa kimelala ubavu. Chumba kilikuwa kitupu. Kisha, chini kabisa ya picha, vidole vilionekana vikikwaruza sakafu. Vikatulia. Vikakwaruza tena.

Binti alishika simu. Akisema, mama atajua kwamba alidanganya. Aseme amesikia kishindo? Mama atauliza kimetoka wapi, naye hajui. Vidole vikatulia tena. Akapiga.

"Mama, nilitoa kichuma cha kebo. Nilikudanganya. Sasa televisheni inaonyesha chumba cha mtu, na ameanguka!"

Mama akauliza haraka, "Dirishani kwake unaona nini?"

"Tangi la maji la ng'ambo. Naona mfuniko wake."

"Sisi huku chini mfuniko hatuuoni. Basi ni ghorofa ya juu yetu, kwa yule mwalimu mstaafu. Kimbia kwa mlinzi wa jengo, apande na ufunguo wa akiba. Kulia utalia baadaye!"

Walimkuta mzee ameteguka nyonga, midomo imemkauka, lakini anaongea. Alipelekwa hospitali, akarudi Jumamosi na magongo. Mama alimpandisha binti huko juu, mkononi ana kichuma kingine kama kile.

"Hili ni chujio," alisema huku akilifunga kwenye kebo ya mzee, ambayo haikuwa nalo. "Picha linaipitisha. Linachozuia ni mawimbi ya vifaa vyetu yasitoke kwenda kwa jirani, na yake yasiingie kwetu. Picha ilikatika kwa sababu kiungo cha kebo kimelegea. Ungeniuliza, ningekikaza kwa nusu dakika."

"Shikamoo, Babu," binti alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kumbe ni wewe uliyemwita mlinzi! Mwanangu ndiye aliyeniwekea kamera ile ya ukutani, anione akiwa kazini. Taa yake huwaka mtu akitazama. Wiki hii ikawa inawaka saa kumi, na yeye anaapa kwamba hatazami. Mwili ukanisisimka. Jumatano nikapanda kiti niifunike kwa kitambaa kabla ya hiyo saa."

Binti akamsogelea. "Ni mimi niliyekuwa natazama, Babu. Siku zote hizo. Nisamehe."

Mzee alimtazama kwa macho yale yale ya kwenye televisheni. "Afadhali mtu," alisema hatimaye. "Nilianza kudhani si mtu. Nimekusamehe."

Mama alirudisha spana kiunoni. "Sikiliza, mwanangu. Uliposema kweli Jumatano, ulimwokoa. Lakini nilikuuliza Jumanne. Ungeisema kweli siku hiyo hiyo, asingepanda kile kiti. Yote mawili ni yako. Usichukue lile zuri tu."

"Ndiyo, Mama," alisema binti, akaenda kumsogezea mzee magongo yake.