Msimamizi Aliyeogopwa

Kila asubuhi msimamizi wa kiwanda cha mbao aliingia kazini akifoka. Watu sita walifanya kazi chini yake. Wakimwona mlangoni, mazungumzo yalikatika. Yeye alidhani hiyo ni heshima.

Fundi wa msumeno mkubwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Jumanne moja, mkanda unaoendesha msumeno ulikatika ukamvuta mkono. Alipoteza vidole vitatu.

Msimamizi alirudi kutoka hospitali na damu kwenye shati.

"Nani alijua mkanda ule ni mbovu?"

Wote walitazama chini. Mwishowe mfagiaji, mama mtu mzima, akasema, "Sote tulijua, bosi. Shemeji yako alikuambia wiki iliyopita. Ukamjibu, anayeogopa mashine akauze nyanya."

Alikumbuka. Siku ile watu walicheka, naye akajiona mcheshi.

Nyumbani mkewe hakumgombeza. Alimwekea chakula, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jirani yao alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, na alifundisha viongozi wapya hospitalini. Alipokuja kuwapa pole, msimamizi alimweleza yote.

"Mimi nilipoteza mgonjwa," muuguzi alisema. "Mwenzangu aliona nimechukua dawa isiyo sahihi. Aliogopa kunisahihisha. Nilikuwa mkali kama wewe."

"Ukafanyaje?"

"Nilikiri mbele yao. Tangu hapo, kila asubuhi nauliza: nini hakiko sawa? Sikatizi mtu. Anayeleta habari mbaya namshukuru, na jambo lenyewe tunalishughulikia siku ileile. Ukiliacha, kesho hakuna atakayekuambia kitu."

"Nikiwalegezea si watanipanda kichwani?"

"Na huo ukali umemlinda nani, baba?"



Kesho yake msimamizi aliwakusanya wafanyakazi kabla mashine hazijawashwa. "Shemeji ameumia kwa sababu yangu," alisema. "Niambieni kingine nisichokijua."

Kimya. Siku ya pili, kimya tena. Siku ya tatu mfagiaji akasema waya wa taa umechubuka. Msimamizi alimshukuru, akamwita fundi umeme palepale. Baada ya hapo midomo ilifunguka. Mengine aliyoambiwa yalimchoma, lakini alisikiliza. Wakakubaliana: kila mashine ikaguliwe na watu wawili kabla ya kuwashwa, na yeyote akiona hatari azime mashine bila kuomba ruhusa.

Miezi mitatu baadaye shemeji alirudi, sasa akiwa mkaguzi wa mashine. Asubuhi moja, lori likisubiri mzigo, alisikia msumeno ukilia vibaya. Akauzima. Walikuta jino moja lina ufa. Lingeruka, lingempata mtu usoni.

Dereva alianza kulalamika.

"Lori lingoje," msimamizi alisema. "Ahsante, shemeji."

Shemeji aliitikia kwa kichwa tu. Mpaka leo hajakanyaga nyumbani kwa msimamizi. Lakini kazini, akiona kosa, humwambia usoni, mbele ya watu wote.